Studio ya Kirumba inaiacha kompyuta ya fundi: uchambuzi wa kuhamia Mac mini

Kisa ninachokichambua hapa kinahusu studio ya picha na video iliyopo Kirumba, jijini Mwanza, ambayo tangu mwishoni mwa mwaka 2017 ilikuwa ikifanya uhariri wake wote kwenye kompyuta moja ya mezani iliyoundwa na fundi kwa vipuri vya kuchagua, na ambayo mwaka 2025 ilihamishia kazi hiyo kwenye Mac mini, kompyuta ndogo ya mezani ya Apple. Mwenye studio aliniita kama mshauri baada ya kuchoshwa na maneno yaliyomjia kutoka kila upande: wapo waliomwambia kwamba Mac ni ya watu wa kujionyesha, wapo waliomwambia kwamba hakuna mhariri wa maana asiyeitumia, na fundi wake wa Makoroboi, hapo hapo jijini, alikuwa na msimamo wake ambao nitaueleza. Maoni yangu, baada ya kazi yote kukamilika, ni kwamba kuhama kulikuwa uamuzi sahihi, lakini si kwa sababu zilizotajwa sana, na kwamba kungeigharimu studio pakubwa kama mashine ya zamani ingeuzwa siku ile mpya ilipoingia.

Mashine iliyokuwepo

Kompyuta ya zamani ilikuwa na prosesa ya Intel Core i7-7700, kadi ya picha ya GTX 1060 yenye gigabaiti 6, ramu ya gigabaiti 16, SSD (diski ya kasi) ndogo iliyobeba Windows 10, na diski mbili kubwa za kawaida za kuhifadhia kazi. Kwa mwaka ule ilikuwa mashine ya heshima. Vipuri vilinunuliwa Kariakoo, Dar es Salaam, vikaletwa kwa basi, na fundi akaviunga mbele ya macho ya mteja wake. Baadaye pawa saplai ilibadilishwa kufuatia umeme kurudi na nguvu kuliko ulivyoondoka, ramu ikaongezwa kutoka gigabaiti 8 hadi 16, na diski moja iliyoanza kutoa mlio ikahamishwa data kabla haijafa. Yote hayo yalifanyika hapa hapa Mwanza, kwa bei ya kupatana, na kwa kawaida mashine ilikuwa imerudi mezani kabla ya Jumamosi, siku ambayo kwa studio ya harusi haina mjadala. Watu wanaolinganisha kompyuta kwa namba za kasi huisahau sifa hii. Mashine hiyo haikuwahi kupata ugonjwa ambao mtu aliye umbali wa nauli moja ya daladala angeshindwa kuushika kwa mikono yake.

Kwa hiyo fundi alipoulizwa, hakusitasita. "Mama," alimwambia mwenye studio, "wewe nipe hela ya feni na kadi nyingine, hii mashine unakula nayo miaka mingine mitatu. Hiyo nyingine ikifa utaipeleka wapi?" Pendekezo lake la kadi halikuwa tiba, kama nitakavyoonyesha, lakini swali lake la mwisho lilikuwa zito kuliko hoja zote zilizotolewa katika kisa hiki, na sehemu kubwa ya mpango tuliouweka baadaye ilikuwa ni kulijibu.

Lalamiko lenyewe lilikuwa kwamba "kompyuta imechoka". Kauli hiyo husemwa kwa kila mashine iliyopita miaka mitano na mara nyingi haina maana yoyote ya kiufundi, hivyo tulianza kwa kuifungua. Tuliondoa ubavu wa kasha tukakuta kile ambacho yeyote anayefungua kompyuta karibu na ziwa hukikuta: mapezi ya kipozeo cha prosesa yalikuwa yamezibwa na vumbi lililoshikamana na mabaki ya wale wadudu wadogo wa ziwani wanaonyanyuka kama wingu la moshi juu ya maji na kufuata taa usiku, na feni ya mbele ilikuwa imevaa utando wao mweusi, mkavu, unaobanduka kwa kucha kama karatasi. Fundi alipuliza, akapiga brashi, akabadilisha pasta ya joto juu ya prosesa. Joto lilishuka na kelele ikapungua. Video iliendelea kukwama pale pale ilipokuwa ikikwama, na kwa kuwa joto sasa lilikuwa la kawaida, tulijua kwamba uchovu haukuwa ugonjwa.

Ugonjwa ulikuwa kwenye kodeki

Studio ilikuwa imenunua kamera ya Sony A7 IV, modeli iliyotangazwa mwaka 2021, na vijana wake walikuwa wakirekodi kwa mpangilio ambao kamera hiyo huutoa kwa picha bora: 4K katika kodeki (njia ya kubana video) ya HEVC, ambayo pia huitwa H.265, rangi za biti 10, na mgawanyo wa rangi wa 4:2:2, unaohifadhi rangi nyingi kuliko ule wa kawaida wa 4:2:0. Mpangilio huo hubana picha sana bila kuharibu rangi ya ngozi wala mng'ao wa vitenge na satini chini ya taa za ukumbi, lakini mzigo wa kuifumua picha hiyo iliyobanwa hutupwa kwa kompyuta. Kompyuta inayo njia mbili za kufanya kazi hiyo. Njia ya kwanza ni saketi maalumu iliyotengenezwa kwa ajili ya kusimbua kodeki fulani, ambayo huifanya bila jasho. Njia ya pili ni kuitwisha prosesa yenyewe, ambayo huifanya kwa nguvu zake zote na bado ikachelewa.

Saketi iliyomo ndani ya i7-7700 inaifahamu HEVC ya biti 10, ila ile ya 4:2:0 pekee. Kadi ya GTX 1060 ni hivyo hivyo, na hapa ndipo pendekezo la fundi lilipofeli: katika kadi za NVIDIA, uwezo wa kusimbua 4:2:2 kwa saketi ulikuja na kizazi cha RTX 50 kilichoanza kuuzwa mwaka 2025, kwa hiyo kadi ya mtumba ya bei ya kati, ambayo ndiyo aliyokuwa akiifikiria, ingeongeza kasi ya michezo ya vijana jioni lakini isingegusa tatizo la harusi. Mhariri alinionyesha kipande cha maharusi wakiingia ukumbini. Bibi harusi ananyanyua mguu, picha inaganda, kigelegele kinaendelea peke yake kwa sekunde kadhaa, kisha bibi harusi anaonekana tayari yuko mbele ya meza kuu. Kwenye dirisha la Windows linaloonyesha matumizi, prosesa ilikuwa imefika asilimia 100 huku kadi ya picha ikiwa karibu imelala.

Walichokuwa wakifanya ili kuishi na hali hiyo ni kutengeneza nakala nyepesi za kila kipande usiku kucha, kuhariri kwa nakala hizo, kisha kurudi kwenye picha halisi wakati wa kurenda, yaani kutoa video ya mwisho. Ni mbinu halali na hutumiwa na watu wakubwa. Katika mazingira yetu inategemea usiku usiokatika umeme, na studio ilikuwa imewahi kuamka na kukuta kazi ya usiku mzima imeishia katikati.

Juu ya hayo kulikuwa na suala la Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia rasmi tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai moduli ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane kwenda mbele, na i7-7700 ni ya kizazi cha saba. Zipo njia za kuiingiza kwa nguvu, na zipo masasisho ya usalama ya ziada kwa watumiaji wa kawaida hadi Oktoba 2026, lakini mashine inayobeba kazi za wateja na inayopokea flashi za kila mpita njia haifai kuendeshwa kwa hila.

Njia zilizokuwepo

Lazima niseme wazi, kwa sababu wauzaji hawalisemi, kwamba tatizo la 4:2:2 halikuhitaji Mac. Prosesa za Intel za kuanzia kizazi cha kumi na moja zenye sehemu ya picha ya ndani iitwayo Xe husimbua HEVC ya 4:2:2 kwa saketi, kwa hiyo ubao mama mpya, prosesa ya kizazi cha kumi na mbili au zaidi na ramu mpya vingeponya ugonjwa huo ndani ya kasha lile lile. Hiyo ndiyo njia ambayo ningeipendekeza kwa mtu anayeishi Dar es Salaam. Kwa Mwanza ilikuwa na ugumu wake: vipuri hivyo havikai madukani hapa kwa mpangilio wa kuchagua, vinaagizwa, na anayeagiza ubao wa zaidi ya kilomita 1,000 hukutana na swali la nani atagharimia usafiri ikiwa utafika na pini zilizopinda. Linux, mfumo endeshi wa bure, tuliiondoa mapema, kwa kuwa toleo la bure la programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve kwenye Linux halifungui H.264 wala H.265, ambazo ndizo kodeki za kamera na simu zote zinazoingia studioni.

Mac mini yenye chipu ya M4 ilitangazwa mwishoni mwa Oktoba 2024 kwa bei ya kuanzia ya dola 599 nchini Marekani, ikiwa na kumbukumbu ya gigabaiti 16 na hifadhi ya gigabaiti 256. Madukani kwetu bei huwa juu ya hapo, na tofauti kati ya duka na duka ni kubwa kiasi kwamba sioni maana ya kuitaja. Chipu za Apple, zilizoanza kuingia kwenye kompyuta zake Novemba 2020, zina saketi ya kusimbua HEVC ya 4:2:2 tangu ile ya kwanza, na M4 ina saketi ya ProRes pia, kodeki ya Apple yenyewe ya uhariri. Kwa kazi hii mahususi, basi, kijisanduku chenye upana wa sentimita 12.7 kilikuwa na kile ambacho kasha zima la zamani halikuwa nacho.

Kuhusu ukubwa wa kumbukumbu tulijadiliana kwa muda. Katika Mac hizi kumbukumbu ni moja inayotumiwa na prosesa na sehemu ya picha kwa pamoja, kwa hiyo gigabaiti 16 za huku si sawa na gigabaiti 16 za kule ambako kadi ilikuwa na gigabaiti 6 zake za pembeni, na haiwezi kuongezwa baadaye na fundi yeyote wa hapa wala wa kwingine. Hifadhi, kwa upande mwingine, inaweza kuongezwa kwa nje kwa kebo. Kanuni niliyoisimamia ni kulipia kumbukumbu na kubana kwenye hifadhi. Kwa kuwa mashine zinazofika madukani ni zile za mipangilio ya kawaida, chaguo lililopatikana lilikuwa la gigabaiti 24 zenye hifadhi ya 512, na mwenye studio akalichukua.

Hoja ya umeme

Hoja iliyorudiwa sana ilikuwa kwamba Mac italipa gharama yake kwa kuokoa umeme. Tuihesabu. Mashine ya zamani ilikuwa ikila zaidi ya wati 200 inapofanya kazi nzito, wakati Mac mini ya M4 kwa vipimo vya Apple haizidi wati 65 na ikitulia hushuka hadi karibu wati 4. Tuseme tofauti ni wati 150 kwa saa nane kila siku ya kazi: hiyo ni uniti 1.2 kwa siku, sawa na kama uniti 31 kwa mwezi wa siku 26. Kwa bei ya karibu shilingi 356 kwa uniti, pamoja na kodi na tozo, studio inaokoa takriban shilingi 11,000 kwa mwezi. Fedha hiyo ni vocha ya bando. Hailipi kompyuta.

Faida ya kweli ya wati chache iko kwenye UPS, kifaa chenye betri kinachoishikilia kompyuta umeme unapokatika. Studio ilikuwa na UPS ndogo ya VA 650, ambayo kwa kawaida ndani yake hukaa betri moja ya volti 12 na saa-ampea 7, yaani nishati ya wati-saa 84 kwenye karatasi. Betri ya risasi ikikamuliwa kwa nguvu hutoa pungufu ya kilichoandikwa, hivyo mbele ya kompyuta ya zamani pamoja na monita ilidumu dakika chache, muda wa kuhifadhi na kuzima kama mtu yuko mezani. Betri ile ile, ikiwa mpya, hulibeba jozi la Mac mini na monita kwa zaidi ya nusu saa. Katika mji ambao umeme mara nyingi hukatika na kurudi ndani ya dakika kumi au ishirini, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama kurenda kunamalizika au kunaanza upya. Kama ningetakiwa kubakiza sababu moja ya kuhama, ningeibakiza hii, hata mbele ya kodeki, kwa kuwa ya kodeki ilikuwa na tiba nyingine.

Kuhama kwenyewe

Mhariri alikuwa akitumia Adobe Premiere Pro ya kukreki, kama ilivyo katika studio nyingi, na sitajifanya sikuona. Kuhama jukwaa kulilazimisha suala hilo limalizwe. Mbali na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo iko wazi, programu ya kukreki ndiyo mlango ambao virusi hupitia kwa urahisi zaidi, na mashine ya zamani ilikuwa na historia yake katika hilo. Malipo ya Adobe ni ya kila mwezi na hayana mwisho. Leseni ya DaVinci Resolve Studio ni dola 295 zinazolipwa mara moja, na toleo la bure linamtosha anayeanza, kwani hutoa picha hadi 4K ya fremu 60. Mwenye studio aliamua kuanza na la bure na kununua leseni baada ya msimu.

Kuhamisha miradi ya zamani kutoka Premiere kwenda Resolve kunawezekana kwa faili ya XML, lakini mikato ndiyo inayovuka salama. Maandishi, rangi na madoido mengi hubaki nyuma. Tuliamua kwamba kazi yoyote iliyokwisha kuanzwa itamaliziwa kwenye mashine ya zamani, na kazi mpya zitaanzia kwenye mpya. Uamuzi huo mdogo uliokoa ugomvi mwingi na wateja waliokuwa wakisubiri video zao.

Vikwazo vya wiki za mwanzo vilikuwa vya mikono zaidi kuliko vya akili. Mac mini hii haina tundu hata moja la USB ya zamani: ina matundu ya USB-C, ya HDMI, ya mtandao wa waya na la vipokea sauti, basi, hivyo kibodi, kipanya, kisoma kadi na flashi za wateja vyote vilihitaji habu (kifaa cha kuongeza matundu ya USB), na habu ya bei ya chini kabisa ilikuwa ikiiachia diski katikati ya kunakili hadi iliponunuliwa yenye adapta yake ya umeme. Swichi ya kuwashia iko chini ya mashine, kwenye kona, na mtu asiyeambiwa huizunguka mara kadhaa akiitafuta. Monita ya zamani ya 1080p ilionyesha picha vizuri ila maandishi yalionekana kuwa na ukungu, kwa sababu macOS, mfumo endeshi wa Mac, iliacha tangu mwaka 2018 ulainishaji wa maandishi uliozifaa monita za namna hiyo, lakini mhariri alizoea.

Kilichomtisha zaidi ni diski. Alichomeka diski ya nje ya kazi, akaziona harusi zote zimejipanga, akajaribu kuburuta folda mpya ndani yake, na mashine ikakataa bila maelezo ya maana. Alidhani diski imekufa. Diski ilikuwa katika mfumo wa NTFS wa Windows, ambao macOS huusoma bila kuuandika. Kuifomati upya kwa exFAT kungewezekana, kwa kuwa exFAT huandikwa na pande zote mbili, lakini mfumo huo hauna daftari la ndani la kurekebishia makosa pale umeme unapokatika katikati ya kuandika, na sikuwa tayari kuweka humo kumbukumbu ya miaka ya watu. Suluhisho lilikuwa jepesi kuliko ilivyotarajiwa: mashine ya zamani iliunganishwa na mpya kwa kebo ya mtandao ya gigabiti, folda zake zikashirikishwa, na Mac ikaandika humo bila shida yoyote, kwani kwa njia ya mtandao anayeandika kwenye NTFS ni Windows yenyewe. Kasi ya karibu megabaiti 110 kwa sekunde inatosha sana kwa kuhifadhia kazi zilizokwisha.

Swali la fundi

Sasa nirudi kwa "ikifa utaipeleka wapi". Apple haina duka lake barani Afrika, na fundi wa Makoroboi hana wala hawezi kupata kipuri cha kubadilisha ndani ya chipu ya M4. Hilo linajulikana na wengi hulikubali kama gharama ya ustaarabu. Lisilojulikana kwa wengi ni kinachotokea kwa data. Kwenye kompyuta ya zamani, ubao mama ukiungua diski hubaki kuwa diski: huchomolewa, huchomekwa kwenye mashine nyingine, na harusi ya watu huonekana. Kwenye Mac zenye chipu za Apple, kidhibiti cha hifadhi kimo ndani ya chipu kuu, data yote husimbwa kwa ufunguo unaoishi ndani ya chipu hiyo hiyo, na moduli ya hifadhi hata ikichomolewa ikiwa nzima haisemi neno mbele ya mashine nyingine. Chipu ikifa, kilichokuwa ndani kimekwenda nayo. Kwa hiyo kuhama kulibadilisha aina ya hasara: awali studio ilikuwa ikiharibikiwa mara kwa mara na kupona mara kwa mara, sasa itaharibikiwa kwa nadra sana, lakini siku hiyo haitakuwa na cha kuokota.

Jibu la hali hiyo ni utaratibu wa kazi, na mwenye studio aliukubali kwa kuuweka kwenye maandishi ukutani. Hakuna picha ya mteja inayoishi ndani ya Mac peke yake. Hifadhi ya ndani hubeba mfumo na programu. Picha za kazi inayoendelea hukaa kwenye SSD ya nje ya USB-C, na nakala ya pili hupelekwa siku ile ile kwenye diski za mashine ya zamani. Hili lingetokea hata bila kanuni, kwani HEVC ya megabiti 100 kwa sekunde hula karibu gigabaiti 45 kwa saa, na kamera mbili zikirekodi kwa saa sita zinafikisha gigabaiti 540, zaidi ya hifadhi yote ya ndani kwa harusi moja tu. Kadi za kamera hazifutwi kabla nakala zote mbili hazijaonekana kwa macho.

Pengo moja karibu litupite. Waliozoea Premiere wanajua kwamba mradi ni faili inayokaa kwenye folda pamoja na picha, na ukinakili folda umenakili kila kitu. Resolve kwa kawaida huiweka miradi kwenye maktaba yake yenyewe, ndani ya hifadhi ya kompyuta. Picha zingekuwa salama nje, na kazi yote ya kukata na kupanga ingekuwa ndani ya chipu. Tulielekeza nakala za akiba za miradi kwenye SSD ya nje, na mhariri hutoa mradi kamili kama faili kila anapofunga kazi.

Wizi nao ni hatari inayostahili kutajwa. Kasha la zamani lilihitaji mwanamume wa kulibeba na lingeonekana barabarani. Mac mini haifiki hata kilo moja na inaingia kwenye mkoba wa kawaida. Ilifungwa kwa kibano cha chuma chini ya meza, ambacho fundi wa kuchomelea wa jirani alikitengeneza akiacha upenyo wa hewa na wa kidole kufikia swichi.

Baada ya miezi ya mwanzo

Uhariri sasa hufanyika kwenye picha halisi bila nakala nyepesi, na kelele ya feni imetoweka chumbani kiasi kwamba mhariri anasikia milio midogo kwenye sauti za mahubiri ambayo awali ilikuwa ikimpita. Kasi ya kurenda imeongezeka, ila sitaitilia mkazo, kwani mteja wa Mwanza hasubiri saa, anasubiri wiki.

Malalamiko mapya yalitoka nyumbani kwa wateja. Mtu anachukua flashi, anaichomeka kwenye runinga sebuleni mbele ya wageni, na anaona kila video mara mbili: moja inacheza, nyingine ina jina lile lile linaloanza na nukta na mstari mdogo, na ukiibonyeza runinga inasema faili imeharibika. Hizo ni faili za siri ambazo macOS huziacha kwenye flashi za FAT na exFAT, zisizoonekana kwenye Mac yenyewe. Zipo amri za kuzifagia, lakini mwenye studio alichagua njia ya uhakika zaidi: kila flashi ya mteja hujazwa kutoka mashine ya zamani. Huko huko ndiko printa ya picha za pasipoti iliko, na programu ya hesabu ambayo haina toleo la Mac. Kwa kuwa Windows yake haipokei tena huduma ya kawaida, tumeikatia intaneti na kuiachia mtandao wa ndani pekee, na flashi zinazotoka nje huchunguzwa kwanza kabla ya kuingia humo.

Fundi bado anakuja kupuliza vumbi, sasa kwa mashine ambayo kazi yake ni kutunza, kuchapa na kujaza flashi. Itakapokufa, ushauri wangu ni kutoijenga upya: kompyuta ya ofisi ya mtumba yenye prosesa ya kizazi cha nane au zaidi, ambayo inapokea Windows 11 bila hila na inapatikana katika maduka ya Mwanza, itafanya kazi zote hizo, na diski mbili za zamani zitachomekwa humo zikiwa na kila kilichomo. Kinachosubiriwa kwa sasa ni diski ya tatu ya kuwekwa nyumbani kwa mwenye studio, nje kabisa ya jengo, kwa sababu SSD ya nje na mashine ya zamani vyote viko chumba kimoja na moto hauchagui jukwaa. Imepangwa kununuliwa kabla ya leseni ya Resolve.